Deni la Msamaha: Heshima, Usaliti na Mauaji ya Kisiasa katika Roma ya Kale



Akina Brutus waliomuua Julius Caesar walikuwa wawili. Anayejulikana ni Marcus, yule ambaye Shakespeare alimfanya shujaa wa tamthilia. Wa pili ni Decimus. Wengi wamemsahau, nami naanza naye kwa sababu bila yeye Caesar asingefika mahali alipouawa. Decimus alimtumikia Caesar tangu ujanani katika vita vya Gaul, akaongoza manowari zake, akapanda cheo baada ya cheo. Usiku wa Machi 14, mwaka 44 K.K., walikula pamoja nyumbani kwa Lepidus, na waandishi wa kale wanasimulia kuwa mezani yalizuka mazungumzo kuhusu kifo kilicho bora kuliko vyote. Caesar alijibu kuwa ni kile kijacho ghafla. Kulipokucha, mkewe Calpurnia alimsihi asitoke, maana usiku ameota ndoto mbaya, naye akaelekea kukubali. Decimus ndiye aliyekwenda kumchukua. Alimwambia kwamba maseneta wamekwisha kukaa, akamuuliza watu watasemaje wakisikia kikao kimevunjwa kwa ndoto ya mke, kisha akamshika mkono wakatoka.

Kikao kilikuwa katika ukumbi uliojengwa na Pompey, kando ya jumba lake la maonyesho. Tillius Cimber alisogea akijifanya kumwombea ndugu yake aliyekuwa uhamishoni, akalivuta vazi la Caesar hadi likamtoka begani. Casca akachoma wa kwanza. Suetonius anaandika kwamba majeraha yalikuwa 23, na kwamba tabibu Antistius alipoukagua mwili aliona ni moja tu lililoweza kuua, la pili, lililokuwa kifuani. Waliokula njama walizidi 60. Caesar alianguka chini ya sanamu ya Pompey, mtu aliyemshinda vitani miaka minne nyuma.

Hawa 60 na zaidi walikuwa nani? Hapo ndipo ninapotaka tukae kwa muda. Tunapozoea kusimulia kisa hiki tunasema wapenda uhuru walimwondoa dikteta, au wasaliti walimuua rafiki, na kila upande una mashahidi wake. Lakini ukiyatazama majina yenyewe unaona jambo moja linalojirudia. Cassius alipigana upande wa Pompey, Caesar akamsamehe na kumpa uhakimu. Marcus Brutus vilevile: alisamehewa baada ya vita vya Pharsalus mwaka 48 K.K., akapewa jimbo la kutawala, na mwaka ule wa mauaji alikuwa hakimu mkuu wa mji. Quintus Ligarius alisamehewa baada ya Cicero kumtetea mbele ya Caesar mwenyewe. Trebonius na Decimus hawakuwahi kuwa maadui, walikuwa makamanda wake. Caesar aliuawa na watu waliokuwa na deni lake, nami naamini waliua kwa sababu ya deni hilo hasa.

Ili tuelewe, lazima tuione heshima kama Warumi walivyoiona. Kwao haikuwa hisia ya ndani ya moyo. Ilikuwa kitu cha hadharani, kinachoonwa na kuhesabiwa: umeshika vyeo gani, babu zako walishika vipi, nani anakusindikiza ukienda barazani, nani anakuja mlangoni kwako alfajiri kukuamkia. Mtu mkubwa alikuwa na wafuasi, na wafuasi walikuwa na mfadhili wao. Fadhila iliyotolewa ilipaswa kulipwa, kwa kura, kwa ushahidi mahakamani, kwa kusimama upande wake siku ya shida. Aliyeshindwa kulipa alipoteza jina. Maseneta wenyewe walipeana fadhila kila siku, lakini kwa zamu, leo mimi kesho wewe, ili pasiwe na mmoja aliyewaweka wenzake wote chini yake daima.

Caesar aliuvunja mpango huo, na aliuvunja kwa wema. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 49 K.K., watu wengi walitarajia damu kama ile iliyomwagwa na Sulla kizazi kimoja kabla yake. Badala yake aliwateka maseneta katika mji wa Corfinium akawaachia waende zao. Aliandika kwamba hii ndiyo namna mpya ya kushinda, kujiimarisha kwa huruma na ukarimu. Seneti ikaja kupitisha ajengewe hekalu la Huruma yake. Lakini msamaha hutoka juu kwenda chini. Raia hawezi kumsamehe raia mwenzake uhai wake, kwa kuwa uhai huo haukuwa mali yake hata siku moja. Anayeweza kufanya hivyo ni mfalme, na Roma ilikuwa imewafukuza wafalme mwaka 509 K.K.

Cato, seneta aliyekuwa mpinzani mkubwa wa Caesar, alilijua hili. Mwaka 46 K.K. alikuwa Utica, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, majeshi ya Caesar yakikaribia. Angeomba angesamehewa, kila mtu alijua, na Caesar alikuwa akiitamani nafasi hiyo. Plutarch anaeleza kuwa Cato alikataa kumwia dhalimu shukrani kwa jambo lililo kinyume cha sheria, maana kumwokoa mtu usiyekuwa bwana wake ni kujitangaza kuwa bwana wake. Akajiua. Habari ilipomfikia Caesar, alilalamika kwamba Cato amemnyima utukufu wa kumwokoa. Sikumbuki malalamiko mengine ya mshindi yanayofichua mambo mengi kiasi hiki.

Marcus Brutus alikuwa mpwa wa Cato, na mwaka mmoja baada ya kifo hicho alimwoa Porcia, binti yake. Fikirini hali ya nyumba hiyo. Mjomba alikufa ili asipokee kile ambacho mpwa alikipokea. Mama yake, Servilia, alikuwa amependana na Caesar kwa miaka mingi, na mji mzima ulijua. Baba yake alikuwa ameuawa kwa amri ya Pompey, na bado Brutus alikwenda kupigana upande wa Pompey, kwa kuwa aliamini upande huo ndio wenye haki. Huyu hakuwa mtu wa kuyumbishwa na manufaa yake. Juu ya hayo alibeba jina la Lucius Brutus, aliyewafukuza wafalme na kisha kuwahukumu kifo wanawe wawili waliokula njama ya kuwarudisha. Mapema mwaka wa 44 K.K. watu walianza kuandika maneno usiku kwenye sanamu ya babu huyo na kwenye kiti cha uhakimu cha mjukuu, wakimsuta kwamba amelala, kwamba yeye si Brutus wa kweli. Kila kitu alichokuwa nacho, kuanzia kile kiti hadi pumzi yenyewe, kilitoka kwa Caesar. Na Februari mwaka huohuo Caesar akawa dikteta wa maisha. Deni ambalo wote walidhani lina mwisho likawa halina mwisho.

Mtu atasema: shukrani ya punda ni mateke. Wengi wa zama zile walisema hivyo kwa namna yao, na Dante, karne nyingi baadaye, aliwatia Brutus na Cassius katika vinywa vya Shetani pamoja na Yuda. Mimi siikubali hukumu hiyo kirahisi. Seneca, mwanafalsafa aliyeandika kitabu kizima juu ya fadhila, aliuliza kama Brutus alifanya vema kupokea uhai kutoka kwa mtu aliyeamini anastahili kuuawa. Jibu lake ni kali: aliyeacha tu kukuua hajakuokoa. Mwizi aliyekuacha hai njiani humwii shukrani. Hoja hiyo ina nguvu kwa uhai. Haina nguvu kwa uhakimu na jimbo, ambavyo Brutus alivipokea kwa mikono miwili, na hapo ndipo dosari yake ilipo. Kwa Decimus haina nguvu hata kidogo. Yeye hakusamehewa chochote. Alipenda, akapendwa, akapandishwa, kisha akaja asubuhi kumshika rafiki mkono.

Tena visu vile havikuwa jambo geni mjini Roma. Mwaka 133 K.K. maseneta walimuua Tiberius Gracchus, mtetezi wa ugawaji wa ardhi, kwa miguu ya mabenchi waliyoyavunja, na watu zaidi ya 300 wakafa naye na kutupwa mtoni Tiber. Mwaka 121 K.K. ikawa zamu ya mdogo wake, Gaius. Konsuli Opimius aliahidi kukilipa kichwa chake kwa dhahabu yenye uzito uleule, na mtu aitwaye Septimuleius alikileta kikiwa kimetolewa ubongo na kujazwa risasi ili kizidi kwenye mizani. Baada ya mauaji hayo Opimius alijenga hekalu la Maelewano. Kwa hiyo vijana wa 44 K.K. walikuwa wajukuu wa watu waliokwisha kuua kwa jina la jamhuri bila kuadhibiwa.

Walichokosa ni kesho yake. Walikuwa na hakika kwamba tendo lenye heshima litajieleza lenyewe. Caesar akishaanguka, jamhuri itasimama kama mtu aliyetuliwa mzigo. Cicero, ambaye hakuambiwa njama hiyo, aliandika baadaye kwa uchungu kwamba ilitendwa kwa ushujaa wa wanaume na akili za watoto. Cassius alitaka Antony, mshirika wa karibu wa Caesar, auawe pia. Brutus alikataa kwa kuwa hiyo ingekuwa kisasi. Alikuwa sahihi kimaadili, na ilimgharimu kila kitu. Siku mbili baada ya mauaji Seneti ilikutana ikatoa msamaha kwa wauaji na papo hapo ikathibitisha amri zote za marehemu. Angalieni walivyofanya: kila muuaji aliyekuwa na cheo alibaki nacho kwa sababu amri za aliyemuua ziliendelea kuwa sheria. Hata wakiwa na damu mikononi, waliendelea kuishi kwa fadhila ya Caesar.

Kisha ukasomwa wosia. Kila raia wa Roma alipewa sesterce 300, na bustani zake ng'ambo ya mto zikawa za umma. Mrithi mkuu alikuwa Octavius, kijana wa miaka 18. Na katika orodha ya warithi wa akiba, ambao wangerithi kama wa kwanza wangekosekana, lilisomwa jina la Decimus. Appian anasema umati uliposikia hivyo ulitaharuki. Mimi naona hapo ndipo jamhuri iliposhindwa, kabla hata ya hotuba ya Antony kwenye mazishi. Katika ghasia zilizofuata mshairi Helvius Cinna, rafiki wa Caesar, alikatwa vipande barabarani kwa kuwa jina lake lilifanana na la mtu mwingine aliyemtukana marehemu.

Shakespeare aliyapata haya katika Plutarch, kwa tafsiri ya Thomas North ya mwaka 1579, na tamthilia yake ilichezwa London mwaka 1599. Alifanya kazi ya fundi hodari. Miezi ya siasa aliibana ikawa siku chache, mauaji akayahamishia Capitol, na vita viwili vya Philippi vilivyopishana kwa karibu wiki tatu akavifanya vya siku moja. Yale maneno ya Kilatini ambayo dunia nzima inayakumbuka kama kauli ya mwisho ya Caesar kwa Brutus hayamo katika mwandishi yeyote wa kale. Suetonius anataja uvumi wa maneno ya Kigiriki tu, na Plutarch anasema kwamba Caesar alipomwona Brutus alijifunika uso. Lakini lililo kubwa zaidi ni lile aliloliondoa. Msamaha wa Pharsalus haumo. Servilia hayumo. Decimus amekuwa mtu wa pembeni mwenye mistari michache, jina lake likiwa limebadilika kuwa Decius. Brutus wa jukwaani hadaiwi chochote isipokuwa upendo. Ndiyo maana anaweza kupima jambo lake usiku bustanini kana kwamba ni hesabu ya mtu huru, na ndiyo maana tunampenda.

Hasara ya Shakespeare kwa historia ni faida kwa tamthilia. Baada ya kuondoa deni alibaki na heshima tupu, akaiweka kwenye majaribio mbele ya umati. Brutus anapanda jukwaani na kuwaomba watu wamwamini kwa sababu ya heshima yake, akidhani heshima ni ushahidi wa kutosha. Antony anapanda baada yake, anawaita wauaji waheshimiwa, anarudia, anarudia tena, hadi sifa hiyo inageuka tusi bila yeye kubadilisha hata silabi. Tangu hapo kila mwanasiasa anayeomba aaminiwe kwa jina lake jema anapaswa kulitazama onyesho hilo.

Tamthilia hiyo imesafiri na watu wengi, na kila mmoja aliona ndani yake mtu mwingine. Novemba 1864, mjini New York, ndugu watatu wa ukoo wa Booth waliicheza kwa usiku mmoja; baba yao alikuwa akiitwa Junius Brutus Booth. Miezi mitano baadaye mmoja wao, John Wilkes, alimuua Rais Abraham Lincoln, na alipokuwa akisakwa aliandika katika shajara yake kwamba anawindwa kwa tendo ambalo Brutus aliheshimiwa kwalo. Kwa upande mwingine, katika gereza la kisiwa cha Robben, wafungwa walipitishiana kwa siri kitabu cha kazi zote za Shakespeare, na mwezi Desemba 1977 Nelson Mandela aliweka saini yake kando ya maneno ya Caesar, si ya Brutus: yale anayosema asubuhi ya kifo chake kuhusu woga na kufa. Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Kiswahili mwaka 1963 na kuirekebisha mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari. Alikuwa mkuu wa nchi changa. Mwaka huo wa 1963 ulianza kwa mauaji ya Rais Sylvanus Olympio wa Togo, yaliyofanywa na askari wa nchi yake mwenyewe.

Mwisho wa wauaji ulikuja upesi. Decimus alitorokwa na askari wake mwaka 43 K.K., akakamatwa na mkuu mmoja wa Gaul, akauawa kwa matakwa ya Antony. Mwaka uliofuata Cassius na Brutus walijiua Philippi. Linalonishtua zaidi ni tangazo la watawala watatu, Octavian (yule Octavius wa wosia), Antony na Lepidus, walipobandika orodha ya watu wa kuuawa bila kesi. Appian ametuhifadhia hoja yao: Caesar aliwahurumia maadui zake, akawapa vyeo, wao wakamuua, kwa hiyo sisi hatutarudia kosa la kuhurumia. Cicero alikuwa miongoni mwa waliouawa, Desemba 7, na kichwa chake na mikono vikawekwa kwenye jukwaa alilozoea kuhutubia. Msamaha ulikuwa umetajwa hadharani kuwa chanzo cha kifo, na maelfu walilipia somo hilo.

Octavian alipokuwa Augustus na kubaki peke yake, alijifunza tena kusamehe, na Pierre Corneille aliandika tamthilia nzima ya Kifaransa juu ya siku alipomsamehe Cinna, mtu wa ukoo mkubwa aliyepanga kumuua. Kisa hicho kilitoka kwa Seneca, aliyemwandikia Nero kijana ili amfunze huruma. Mwaka 65 B.K. Nero alimwamuru Seneca ajiue.

Sababu ilikuwa njama ya Piso dhidi ya Nero. Kati ya mauaji yote ya Roma, yaliyofanikiwa na yaliyoshindwa, hili ndilo linaloniandama, kwa sababu humo kila kitu nilichosema kinageuka juu chini. Wala njama walikuwa maseneta, makamanda wa walinzi, na mshairi Lucan, mpwa wa Seneca, mwenye umri wa miaka 25, aliyekuwa akitunga utenzi wa vita vya Caesar na Pompey ambao Cato ndiye nguzo yake. Siri ilivuja. Lucan na wenzake wawili walikana kwa muda mrefu, hadi walipoahidiwa kusamehewa. Hapo wenzake wakawataja rafiki zao wa karibu, na yeye akamtaja Acilia, mama yake mzazi. Msamaha wenyewe hawakuupata.

Miongoni mwa waliokamatwa alikuwemo mwanamke aitwaye Epicharis, aliyekuwa mtumwa kabla ya kuachiwa huru. Waliokuwa wakimhoji waliona aibu kushindwa na mwanamke. Walimpiga, walimchoma moto, hakutaja mtu. Siku ya pili walimbeba kwa kiti kumrudisha kwenye mateso, maana viungo vilikuwa vimeteguka na hakuweza kusimama. Njiani alifunga mshipi wa kifuani kwenye kiti hicho, akaingiza shingo, akajinyonga. Tacitus, mtu wa tabaka la juu asiyekuwa mwepesi wa kusifu watumwa, anasema waziwazi kwamba aliwalinda watu baki ambao karibu hawajui, wakati waungwana waliozaliwa huru walikuwa wakiwataja wapenzi wao kabla hata hawajaguswa. Epicharis hakuwa na babu mwenye sanamu. Hakuwa na cheo alichopewa na mtu, wala hakudaiwa lolote na wale aliowafia.

Lohenstein, Mjerumani, alimtungia tamthilia mwaka 1665. Ningependa kuiona ya Kiswahili, na kama humu ukumbini yupo kijana anayetafuta kisa cha kuandika, namshauri asianzie kwenye mateso. Aanzie Misenum, bandarini, ambako Epicharis alikwenda kumshawishi Volusius Proculus, kamanda wa manowari. Proculus alikuwa mmoja wa watu waliomuua mama yake Nero kwa amri ya mwanawe, na alikuwa akinung'unika kwamba fadhila aliyolipwa hailingani na uzito wa kazi. Epicharis aliyasikiliza manung'uniko hayo, akamwambia habari za njama, lakini hakumtajia jina hata moja. Proculus akaenda moja kwa moja kwa Nero.